Yamaha Enduro 40 ya mguu mrefu: pima ubao wa boti kabla ya kuulizia farasi

Moteri hii ya nje ya boti, ya nguvu za farasi 40, nimeipa nyota nne. Ya tano nitasema huko chini ilipotelea wapi. Mwenye haraka achukue hili: kama una boti ya mbao ya mizigo kwenye Ziwa Kivu, ubao wake wa nyuma una kama sentimita 50 toka juu hadi chini, na unataka mashine ambayo fundi yeyote wa Kituku, bandari yetu ya Goma, anaweza kuifungua na kuifunga tena, Enduro 40 ya mguu mrefu itakufaa. Kama ubao wako ni mfupi, usikimbilie Birere, mtaa wa maduka wa Goma, na hizi nyota zangu. Soma kwanza habari ya mguu, kwa sababu pesa za wengi zinaozea hapo.

Boti yangu inabeba maharage, makala na kabichi toka Minova, na mananasi ya Idjwi msimu wake ukifika. Ni ya mbao tupu, mita 11, imezibwa kwa pamba na lami, na ni nzito hata ikiwa haina kitu. Hairuki juu ya maji kama zile kanoti rapide za Bukavu. Inapasua maji taratibu na kufika. Mashine yake ya zamani ilikuwa ya farasi 25, mguu mfupi, na aliyeniuzia boti alikuwa ameukata ubao wa nyuma katikati, pengo limebaki kama la jino lililong'olewa, ili ule mguu mfupi ufike majini. Kwa pengo lile mawimbi ya mchana yalikuwa yanaingia bila hodi. Kijana wangu mmoja alikuwa hana kazi nyingine ndani ya boti zaidi ya kuchota maji na kopo.

Farasi 25 zilipochoka, kuwasha asubuhi kukawa jasho la kapiteni na msaidizi wake kwa zamu, nikaamua kubadilisha mashine, na nikasema pengo nalo liondoke siku hiyohiyo. Baada ya tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya abiria Merdi ilipozama mbele ya Kituku ikitoka Minova, watu wakiiangalia toka ufukweni, abiria wa hapa wanaangalia boti kabla ya kupanda. Ajali ile ilikuwa habari ya kupakia kupita kiasi, haikuhusu mguu wa moteri. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni akiona nyuma ya boti iko sawa na maji, anashuka, na mimi simlaumu.

Sasa maduka. La kwanza sitalitaja. Niliulizwa swali moja tu: "Mama, unataka farasi ngapi?" Mashine iliyokuwa pale ilikuwa moja, farasi 40, mguu mfupi, na muuzaji alikuwa ameshavuta kitabu cha risiti. Nikamwambia ubao wangu naupandisha ufike sentimita 51. Akacheka. "Haina shida, Mama, utakata tu kidogo pale katikati." Yaani nitoe pengo, nilipe fundi wa mbao, halafu nilirudishe kwa sababu yeye ana mashine moja dukani. Nilimwachia risiti yake.

Duka la pili, si mbali na hapo, alikuwepo baba mmoja mtu mzima, miwani imeshuka puani. Hakunionyesha mashine. Aliuliza: "Ubao wako iko na sentimeta ngapi? Na ile mbao ya chini, mkuku, inafika mpaka nyuma kabisa ama inaishia mbele?" Nikamjibu ya kwanza, ya pili sikuwa na uhakika nayo. Akasema, "Basi nenda upime, Mama, moteri haitatoroka." Mfanyabiashara wa Birere anayekurudisha nyumbani na pesa zako mkobani ili ukapime kwanza, huyo unarudi kwake hata kama jirani anauza kwa bei ya chini kidogo. Nilirudi kwake.

Anachouliza kina sababu. Moteri za nje ya boti zinatengenezwa kwa urefu wa mguu unaojulikana: mfupi ni wa inchi 15, kama sentimita 38, mrefu ni wa inchi 20, kama sentimita 51. Kuna wa inchi 25 na hata 30, lakini hizo ni za boti zenye ubao mrefu sana nyuma, na kwa farasi 40 huku kwetu huzioni. Urefu huo haupimwi mpaka kwenye elisi, yale mapanga yanayozunguka majini. Unapimwa toka pale mashine inapokalia ubao, ndani ya kile kibano, hadi kwenye bati pana lililolala juu ya elisi. Ukipima mashine ukakuta sentimita mbili tatu zaidi ya nilizoandika, usishtuke, kila kiwanda kina hesabu yake. Tofauti ya mfupi na mrefu ni kubwa, karibu sentimita 13, huwezi kuichanganya.

Lile bati ndilo lenye neno la mwisho. Kazi yake ni kuzuia elisi isivute hewa toka juu ya maji. Likikaa juu kuliko tumbo la boti, elisi inameza hewa: mashine inapiga kelele ghafla, mizunguko inapanda, boti haiendi. Mbaya zaidi, tundu za kuvuta maji ya kupoza mashine ziko chini ya bati hilo, kwenye mguu. Mguu ukichungulia juu ya mawimbi, mashine inakosa maji, na moteri ya bei kubwa inapikwa ikiwa mpya. Likikaa chini mno, hapo ni mguu mrefu kwenye ubao mfupi, unaburuza chuma ndani ya maji bure: esansi (petroli) inaisha, usukani unakuwa mzito, maji yanarushwa nyuma, na ukifika ufuko wenye mawe ya lava, elisi ndiyo ya kwanza kuyasalimia. Kitabu cha Yamaha kinataka bati liwe sawa na chini ya boti au lishuke hadi milimita 25. Kwa boti nzito kama yangu, inayoinuka nyuma kila wimbi linapopita, naona bora kuelekea kwenye zile 25 kuliko kwenye sifuri.

Namna ya kupima niliyofundishwa na yule baba, na ambayo fundi wa Kituku aliirudia bila kuambiwa, ni hii. Boti ivutwe nchi kavu au isimame mahali pa maji kidogo, tupu. Chukua mbao iliyonyooka, iweke chini ya tumbo la boti katikati, ichomoze nyuma kama mkono mzima. Pima toka juu ya ubao wa nyuma, katikati kabisa, kufuata ubao wenyewe ulivyolala, mpaka inapogusa ile mbao. Pembeni usipime, maana ubao wa boti za kwetu mara nyingi una mgongo wa mviringo na katikati ni tofauti. Na usipime mpaka usawa wa maji, kosa ambalo nalisikia kila siku pale bandarini: "maji yanafika hapa, kwa hiyo mguu ufike hapa." Maji yanapanda na kushuka na mzigo. Tumbo la boti linabaki palepale.

Halafu mkuku. Wangu ulikuwa unafika mpaka nyuma kabisa, mbao nene ya mkono, umesimama mbele ya elisi moja kwa moja. Maji yanayotoka nyuma ya mbao kama hiyo yamejaa hewa na vurugu, na elisi inakula vurugu hiyo hata kama mguu una urefu sahihi. Fundi wa mbao aliukata mwisho wake kwa mshazari, ukaanza kupungua mbele kidogo ya ubao na kuisha kabla haujafika nyuma, maji yapate nafasi ya kutulia. Kazi ya nusu siku. Nadhani kazi hiyo peke yake imenisaidia kuliko farasi tano za kuongeza, na hakuna duka linaloiuza.

Pengo tuliliziba. Sikutaka kile kipande cha mbao kinachopigiliwa misumari juu, ambacho wengi wanakiita suluhisho. Mashine inasukuma boti yote kupitia pale, kipande cha juu kinacheza, misumari inalegea, maji yanaingia kwenye mbao. Fundi alitoa ubao wa zamani wote na kuweka mpya wa tabaka mbili zilizogundishwa na kukazwa kwa boliti, akaegemeza na magoti ya mbao mawili kwa ndani, juu ukafika sentimita 52. Unene aliuacha sentimita tano, vibano vikaupata vizuri. Jambo hili liwekeni akilini wenye boti za zamani: farasi zikipanda, ubao wa nyuma lazima upande nao kwa nguvu. Ubao uliobeba farasi 25 miaka yote hauna ahadi na farasi 40.

Kwenye kuchagua mashine yenyewe, angalia herufi. Kwenye stika ya Enduro 40 iliyo karibu na kibano kuna namba kama E40XMHL. Herufi ya mwisho ndiyo mguu: L ni mrefu, S ni mfupi. M ni kuwasha kwa kamba, H ni mkono wa kushikia kuongozea. Kwa mashine iliyotumika, nyingi zikiwa zimepita mikono ya watu kabla ya kufika Goma, stika inaweza kuwa imebanduliwa au imetoka kwenye mashine nyingine, kwa hiyo beba mita yako. Yule baba hakuona vibaya nilipoitoa mkobani dukani kwake. Alinishikia upande mmoja.

Kuna watu watakwambia nunua mfupi halafu uurefushe. Inawezekana. Unahitaji kipande cha kuongezea mguu, shafti ndefu zaidi ya kushusha nguvu, fimbo ndefu ya gia na bomba refu la maji, na vyote viwe vya mashine ileile. Tafuta hivyo vinne Goma, viagize kupitia Kampala au Kigali, lipa na fundi, halafu jumlisha. Mimi nilijumlisha nikaacha.

Kufunga. Fundi wangu wa moteri anafanya kazi juu ya ufuko wa Kituku, chini ya turubai la bluu, na anaheshimika kwa sababu moja: hafungi mashine bila kutoboa ubao na kupitisha boliti. Vile vibano vya mkono havimtoshi, na ana haki. Mashine ya kilo sabini na kitu ikitikiswa kutwa inajilegeza, na mbele ya Goma ziwa linashuka ghafla. Kilichoanguka pale hukifuati, maana Kivu ina kina cha zaidi ya mita 480. Alipitisha boliti za inox nne, akapaka silikoni kwenye kila tundu, akafunga na waya wa chuma toka mashine hadi kwenye goti la ubao. Halafu akaweka rula chini ya tumbo la boti, akachuchumaa, akaangalia bati. Sentimita moja na nusu chini ya tumbo. Akaingiza pini kwenye tundu la pili kuweka mlalo wa mashine, akasema tutaibadilisha tukiona pua ya boti.

Majaribio tulifanya kuelekea Nzulo, kwanza tupu, halafu na magunia. Nilikaa nyuma na kapiteni, sikio kwenye mashine. Unachosikiliza ni mlio unaobadilika bila mkono kuguswa. Kwenye kona kali, boti ikiegemea, mlio ulibaki uleule. Kwenye wimbi la boti kubwa iliyopita, ulipanda kidogo na kushuka mara moja. Mshipa wa maji ya kupoza, ule unaotoka nyuma ya mashine kama kimkojo, haukukatika. Na mashine ya zamani kwenye wimbi lile ingelia. Na magunia, pua ilikuwa juu kidogo, kapiteni akarudisha pini tundu la kwanza, ikashuka. Kwenye usawa wa ubao hakuna maji yaliyoingia. Kijana wa kopo sasa anapanga mizigo.

Nguvu sasa, na hapa niseme kitu ambacho wauzaji hawasemi kwa hiari. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, na mashine inayopumua hewa ya kawaida inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: farasi 40 za Mombasa hapa zinakaribia 34. Siyo ubovu wa mashine, ndivyo ilivyo hewa ya Goma, na mashine yoyote ya kabureta itapata hivyo. Mambo mawili yanasaidia. La kwanza, jikleri ndogo zaidi, kile kitundu kinachopitisha esansi kwenye kabureta, kwa sababu ile ya kiwandani inamwaga esansi nyingi kuliko hewa iliyopo. Dalili yake ni bujii (plagi) nyeusi yenye masizi na moshi mwingi. La pili, elisi yenye mkunjo mdogo, inayosukuma maji kidogo kwa kila mzunguko. Enduro ikifunguliwa mpaka mwisho na mzigo ukiwa ndani, inatakiwa izunguke kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Kama na mzigo wako haifiki hapo, elisi ni kubwa kwa kazi yako, mashine inasumbuka, na wewe utadhani umeuziwa farasi za uongo. Fundi alikuja na kipimo chake cha mizunguko, akaifunga kwenye waya wa bujii, akasoma, akatikisa kichwa. Tulibadilisha elisi. Hilo lilionekana wazi: boti iliyojaa inaanza kutembea mapema, bila kulalamika.

Mafuta. Hii ni mashine ya mizunguko miwili (two-stroke), mafuta na esansi unachanganya mwenyewe. Kwa saa kumi za kwanza, sehemu moja ya mafuta ya moteri kwa 25 za esansi, ndiyo mililita 800 kwenye bidoni ya njano ya lita 20. Baada ya hapo moja kwa 50, mililita 400. Tumia mafuta ya moteri za boti, yale ya pikipiki yaache kwa wamotari. Esansi ya akina kadhafi, wauzaji wa barabarani, ninainunua kama kila mtu, lakini inapita kwenye kitambaa cha pamba na chujio kabla ya kuingia kwenye tangi, na bidoni iliyosimama usiku mzima simalizi mpaka chini, maji hukaa pale.

Na ndiyo hapa nyota ya tano ilipopotea. Mizunguko miwili inakunywa. Inakunywa tupu, inakunywa na mzigo, na kapiteni akipenda kuonyesha wenzake mwendo, inakunywa pesa ya kabichi. Ulaya na Marekani mashine za kabureta za aina hii haziuzwi mpya tena kwa sababu ya sheria za moshi. Huku tunazipenda kwa sababu fundi anazijua hata gizani na vipuri vinapatikana. Ile ya mizunguko minne ingenipunguzia esansi, nimeiangalia, lakini inakaribia kilo 100 nyuma ya boti, bei iko juu, na inataka esansi safi ambayo sina. Mwenye boti ya watalii wa kwenda Idjwi, safari ndefu na mzigo mwepesi, aihesabu tena. Mimi na magunia yangu nimebaki na hii.

Bei sitaiandika, Birere inabadilika kulingana na mpaka na dola, na utakaposoma itakuwa nyingine. Uliza bei mbili, ya mashine peke yake na ya mashine na elisi ya pili, na mwambie muuzaji mapema kwamba unabeba mzigo mzito, si kuruka mawimbi. Kwa fundi wa ufukweni, mkubaliane kabla ya mkono kugusa chombo: kufunga ni bei yake, jikleri ni bei yake, na boliti za inox ununue mwenyewe, kwa sababu za kwake ni za chuma cha kawaida na zinaanza kutu mapema.